Desemba Ile Nilipomwambia Zamzam

Nilipokabidhi funguo za chumba cha plasta pale hospitalini mwezi uliopita, mmoja wenu aliniuliza nimewezaje kukaa mle ndani miaka yote ile bila kuwa mkali wala mlevi. Nikacheka, nikasema ni dua za mama. Dua zilikuwepo, sikatai. Lakini jibu lenyewe ni refu, na mke wangu yumo ndani yake, kwa hiyo nimeona afadhali niliandike nikiwa nimekaa nyumbani, chai iko mbele yangu, na hakuna anayenisukumia machela mlangoni.

Kwa mgeni wa chumba kile ambaye hanijui, mimi ni Rajab, Mnubi wa Kampala. Babu wa babu yangu aliingia nchi hii na bunduki ya Mwingereza begani, na tangu hapo ukoo wetu umetoa askari, madereva na wachinjaji. Mimi peke yangu niliangukia kwenye mifupa. Kiswahili tulikisema nyumbani pamoja na Kinubi, ndiyo maana nawaandikia kwa lugha hii, ingawa najua wengi mjini hapa bado wanaisikia kama lugha ya kuamrishwa.

Siku yangu ya kwanza nilifundishwa na Mzee Kaggwa, Muganda aliyekuwa amefunga vidonda vya askari kule hospitali ya jeshi ya Mbuya kabla ya kuja hospitalini kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, na r na l zake zilibadilishana viti zilivyotaka. Mimi nilikuwa na hamu ya kazi. Mgonjwa wa kwanza alipolazwa mezani, nikachukua plasta, nikakimbilia ndoo ya maji. Mzee akaipiga ile ndoo kwa fimbo yake.

“Wewe! Umesarimia mgonjwa?”

“Bado, Mzee.”

“Basi toa mkono kwa maji. Angaria sura kwanza. Mfupa haina haraka, iko hapo tu.”

Nikatoa mkono, nikamsalimu yule mama, nikamuuliza ametoka wapi. Akaniambia. Ndipo Mzee akaniruhusu kurudi kwenye ndoo.

Mengi ninayoyajua kuhusu plasta ni yake. Maji yawe vuguvugu, si ya moto. Ukitumbukiza plasta, ngoja mapovu yaishe kabla ya kuitoa. Lainisha kwa kiganja, usitumie ncha za vidole, kwa sababu alama ya kidole chako leo ni kidonda cha mgonjwa wiki ijayo. Ukimaliza, mwambie achezeshe vidole vya mguu. “Mdomo ya mgonjwa inaogopa,” alikuwa akisema, “vidole haiogopi. Vidole itasema ukweli.”

Kisha kuna jambo ambalo hakunifundisha, nililiona mwenyewe. Aliletwa msichana mdogo aliyeanguka kutoka kwenye ngazi, mkono umepinda. Mzee akaunyoosha, lakini picha ya eksirei ilipotoka niliona bado umebaki na kombo. Nikamwambia. Akasema, “Acha. Mungu atamarizia.” Nilidhani ni uvivu wa mzee anayengoja chakula cha mchana. Miezi mingi baadaye yule mtoto aliletwa kuangaliwa, akapigwa picha tena. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikaitazama mpaka daktari akaniuliza kama nimepotewa na kitu. Mfupa ulikuwa umenyooka. Hakuna aliyeugusa. Ulikuwa umejinyoosha wenyewe mtoto akikua, polepole, akiwa shuleni, akiwa usingizini, akiwa anagombana na ndugu zake. Tangu siku ile nilikuwa nikiingia chumba kile kwa heshima kama ninavyoingia msikitini, isipokuwa viatu sikuvua, kwa sababu ya maji.

Wakati ule tulikuwa tunafunga na kufungua wenyewe. Uliyemfunga ndiye uliyemfungua. Baadaye Mzee Kaggwa alistaafu, mji ukajaa bodaboda, na wagonjwa wakawa wengi kuliko meza. Kazi ikagawanywa. Mimi, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na nguvu, nikabaki kwenye chumba cha kufunga. Kufungua akapewa mwenzangu Okello, kliniki ya nyuma, upande wa pili wa ukuta. Mgawanyo ule ulikuwa na akili. Nami niliukubali bila neno.

Desemba nayo ilikuja kuwa yangu kwa njia ya udugu tu. Wenzangu wengi walikuwa Wakristo. Idd wao walinishikia zamu, Krismasi mimi nikawashikia. Haki kabisa. Ila Idd huzunguka mwaka mzima, na sisi Waislamu wa Kampala siku hiyo tunakula tu na kulala. Krismasi haihami, na watu wa Krismasi wanasafiri. Mji mzima unataka kufika kijijini kwa siku chache, na kila bodaboda imebeba baba, mama, mtoto, godoro na mbuzi. Walioanguka waliletwa kwetu. Miaka ikapita, na jina langu likawa linawekwa kwenye zamu za Desemba bila mtu kuniuliza, kama vile mvua haiulizwi.

Sijui ilianza lini. Najua tu kwamba kufikia mwaka ninaouzungumzia nilikuwa nalala usiku kucha na kuamka kama mtu ambaye hakulala. Mikono ilifanya kazi vizuri. Hakuna plasta yangu iliyokuwa mbaya. Lakini siku moja, pale Bwaise, kijana alinisimamisha kwa furaha, akiniita daktari kwa Kiganda, “Musawo! Musawo wa plasta!” nami nikajikuta nautazama mguu wake. Sikumjua kwa uso. Nilipouona mfupa wa ugoko, na ile alama pembeni, ndipo nikamkumbuka. Nikatoka pale upesi.

Nyumbani nilikuwa na sheria yangu kwamba kazi haivuki kizingiti. Zamzam, mke wangu, ni binti wa Bombo, mji wetu Wanubi, mtulivu, mkono wake hautulii. Anasuka tabaga, zile kawa zetu za Kinubi za rangi nyingi za kufunikia chakula, na akina mama hutoka mbali kuzifuata. Binti zetu walikuwa wameshaolewa, tumebaki wawili. Sikutaka kumletea damu na vilio ndani ya nyumba yenye amani. Kwa hiyo nikawa naoga hospitalini kabla ya kuondoka, ili vumbi la plasta libaki huko. Nikitoka, sikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilipita msikitini, nikaswali, kisha nikakaa barazani, sifanyi kitu. Nikifika kwangu nilikuwa sina njaa na sina maneno. Zamzam aliuliza habari za kazi, nikasema nzuri. Aliuliza tena kesho yake, nikasema nzuri.

Asubuhi moja, wiki moja hivi kabla ya Krismasi, nimemaliza kuswali alfajiri, akaniletea chai ya tangawizi na gurusa, ile mikate yetu myembamba. Kwa kawaida hukaa mkekani karibu yangu. Siku hiyo alivuta kigoda, akakaa mbele yangu, amejitanda vizuri kama mtu aliyetembelewa na wageni.

“Baba Hawa.”

“Naam.”

“Nitakuuliza neno moja. Nakuomba usinidanganye, kwa sababu kulia nimeshalia, nimemaliza.”

Nikaweka kikombe chini.

“Anaitwa nani?”

“Nani?”

“Huyo mwanamke uliyemuoa.”

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa mkavu, na mikono ameikunja mapajani, haina ukili wala sindano. Sijawahi kuiona mikono ile bila kazi. Nikacheka. Nilicheka kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa mbali sana na mimi, kisha kicheko kikakataa kusimama, kikaenda kikaenda, kikageuka. Mimi mtu mzima, mjukuu wa askari, nikalia mbele ya chai.

Zamzam hakusogea. “Kulia si jibu,” akasema.

“Hakuna mwanamke. Wallahi hakuna.”

“Sabuni unayonukia ni ya nani?”

“Ya hospitali. Naoga kule.”

“Na unakula wapi?”

“Sili.”

“Na jioni yote unakaa wapi?”

“Barazani, msikitini. Muulize mwadhini. Kila siku ananifagilia miguuni.”

Akanipima kwa macho. Nadhani habari ya kufagiliwa miguuni ndiyo iliyomfanya aniamini, kwa sababu hakuna mwanamume anayeweza kubuni kitu kama kile.

“Basi una nini?”

“Nimechoka.”

“Baba Hawa, Kampala nzima imechoka. Mwezi huu hata kuku wamechoka. Mimi nakuuliza una nini.”

Hapo ndipo nilipojua kwamba sina neno. Kinubi sikulipata, Kiswahili sikulipata. Nikamwambia kitu nilichokijua. Nikamwambia kuna plasta ambayo imeachwa wazi mahali penye unyevu. Ukiitazama ni nyeupe, haina kasoro. Unailoweka, unamfunga mgonjwa, unangoja ipate joto na kushika, kwa maana plasta nzima hupata joto kabla ya kuwa ngumu. Hii haipati. Inabaki uji. Kazini tunasema imekufa.

“Mimi ndivyo nilivyo,” nikasema. “Nikitazamwa ni mzima.”

 Zamzam akasema kwa sauti ndogo, “Heri angekuwa mwanamke. Mwanamke ningejua la kumwambia.”

Akainuka kwenye kigoda. Nilidhani anakwenda jikoni. Akaja akakaa mkekani, bega lake likigusa langu.

“Niambie mmoja.”

“Mmoja nini?”

“Mmoja wa jana. Usiniambie mguu. Niambie mtu.”

Nikatafuta. “Kulikuwa na mama. Kifundo cha mkono.”

“Jina lake?”

“Sijui.”

“Alikuwa anakwenda wapi?”

Nilitaka kusema sijui tena, lakini kumbe nilikuwa najua. Ilikuwemo, imelala chini ya mengine. “Masindi,” nikasema. “Alikuwa na gauni jipya kwenye mfuko. La Krismasi. Nilipomaliza kumfunga alilia, nikadhani ni maumivu. Alikuwa analijaribisha. Mkono wa gauni ulikuwa haupiti juu ya plasta.”

“Ukamwambiaje?”

“Nikamwita anayefuata.”

Zamzam akafikiri kwa vidole, kama kawaida yake, akikata hewa. “Angefumua mshono wa chini, kutoka kwapani mpaka kwenye pindo la mkono. Aweke vishikizo. Plasta ikitoka, anashona tena, gauni liko vilevile.” Akanigeukia. “Akija mwingine wa hivyo, mwambie.”

Siwezi kuwaeleza vizuri lililonipata. Kwangu mama yule alikuwa kifundo cha mkono. Kwa mke wangu, ambaye hakumwona, alikuwa mtu mwenye safari na gauni, na tayari ameshamshonea. Nilimtazama Zamzam kama nilivyoitazama zamani ile picha ya mfupa dirishani.

Naye hakuwa amemaliza. “Wakipona wanarudi kukuonyesha?”

“Hapana. Wanafunguliwa kwa Okello, upande wa pili.”

“Kwa hiyo wewe hujawaona wakitembea.”

“Sijawaona.”

“Miaka yote hii,” akasema, polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, “unaona kuvunjika tu.”

 Sikuwa nimeliwaza hivyo hata siku moja. Mtu anakaa pembeni anasuka, haulizi zaidi, anaambiwa “nzuri” kila jioni, na kumbe amekuona mpaka kwenye mfupa.

Akaniambia nikaongee na msimamizi wetu siku ileile. Nikamwambia haiwezekani, Krismasi ni wiki ijayo. Akanijibu, “Krismasi ilikuwepo kabla yako.”

Msimamizi wetu wakati huo alikuwa Sista Nekesa, Mkenya wa Bungoma, mwanamke mnene mwenye haraka. Nilimkuta akihesabu mashuka. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha tuliyokutania yeye na mimi, kwamba nimeisha. Nilitumia neno hilohilo. Nikangoja anitume kwa daktari wa akili.

Akaweka shuka chini. “Mzee Rajab, kumbe huwa unachoka? Sisi tulijua wewe Desemba unaipenda.”

“Nani alisema?”

“Hujawahi kukataa.”

Hakunipa ahadi ya uongo, na kwa hilo nilimheshimu. Alisema wazi kwamba mtu wa kunishikia Krismasi hana, wote wameshakata tiketi. Kisha akasema, “Lakini mimi pia nilikuwa nasafiri. Nitakwenda Mwaka Mpya. Krismasi tutakuwa wawili humo ndani, wewe ufunge, mimi nishike miguu. Januari zungumza na Okello mpokezane. Mkikubaliana, mimi sina neno.”

Ikawa hivyo. Msimamizi mzima alivaa aproni ya plastiki sikukuu ya Krismasi, akashika miguu ya watu na kuimba nyimbo za kanisani, sauti yake haifai hata kidogo. Wagonjwa waliletwa vilevile, wala Desemba haikunihurumia. Ila kila nilipomaliza mmoja nilikuwa nikimtazama usoni, kwa sababu nilijua jioni nitaulizwa. Sikukaa barazani tena. Mwadhini alinitafuta akidhani naumwa.

Jioni ile nilimwambia Zamzam habari za mwanamume aliyeletwa kutoka Kawempe, mguu umevunjika mahali pawili, amekumbatia kuku mzima kifuani. Pikipiki ilikuwa imepinduka, dereva ametupwa huku, abiria kule, na kuku hakuguswa hata unyoya. Hakutaka kumwachia mtu. Tukamfunga plasta kuku akiwa amelala juu ya tumbo lake, anatutazama. Nekesa alipoimba, kuku akaitikia. Zamzam alicheka mpaka tabaga ikamponyoka. “Na huyo kuku,” akauliza akifuta machozi, “walimla?” Nikasema sijui. “Kesho uulize,” akasema. Nikauliza. Mgonjwa alikataa katakata achinjwe. Alisema wamepitia mengi pamoja.

Januari nikamfuata Okello. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, maana kliniki yake ilikuwa tulivu, au ndivyo nilivyodhani. Kabla sijamaliza akashika mikono yangu yote miwili.

“Mzee, chukua hata leo. Watoto wakiona ule msumeno wanapiga kelele mpaka nyumbani nikisikia mashine ya kusaga karanga natetemeka.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia wapi? Wewe uko huko, mimi niko huku, katikati iko ukuta.”

Tukapokezana, mwezi kwa mwezi. Naye alipenda kufunga, alisema angalau plasta haipigi kelele.

Sasa niwaambie habari za kufungua, ninyi mnaoiona ni kazi ya wanafunzi. Msumeno ule haukati ngozi, unatetemeka tu, unakata kilicho kigumu. Kabla ya kumgusa mtoto, uwashe, uuweke kwenye kiganja chako mwenyewe, aone huchuruziki damu. Wengine huomba na wao waguse. Kisha unakata upande huu, unakata upande ule, unapanua kwa koleo, unakata pamba kwa mkasi, na ganda linafunguka. Mguu unaotoka ni mwembamba, umepauka, ngozi inabanduka, nywele zimerefuka, na una harufu ambayo sitaiandika. Mwenyewe hunyamaza. Nimeona wanaume wenye sauti za sokoni wakinyamaza. Wanautazama kama mzazi anavyotazama mtoto aliyezaliwa kabla ya kujua amefanana na nani. Wiki ya kwanza nilitoka nje mara kadhaa nikasimama chini ya mwembe ulio karibu na jiko la hospitali, sina ninachokifanya, moyo umejaa. Mambo haya yalikuwa yanatokea nyuma ya ukuta wangu kila siku.

Mwezi Machi Zamzam akaja. Hakuwahi kufika kazini kwangu hata siku moja. Alisema ameniletea chakula, wali na nyama ya mchuzi, ingawa nilikuwa nimeondoka nyumbani na chakula. Nikamwambia asimame mlangoni, kuna mtu mezani.

Mtu huyo alikuwa mpagazi wa sokoni, jitu kubwa la kubeba mikungu ya ndizi za matooke, jina lake Lubega, nasi tulimwita Ssebo, yaani bwana. Mguu wake ulikuwa umefungwa kuanzia pajani kwa miezi mingi, na mara mbili ulikataa kuunga. Siku hiyo daktari alikuwa ameangalia picha na kusema mfupa umeshika, akanyage. Nikamfungua. Mguu mmoja ulikuwa wa mpagazi, wa pili kama wa mtoto wa shule. Tukampa gongo, tukamteremsha mezani. Akasimama kwa ule mzima, huu mwingine ameuning’iniza hewani, jasho linamtoka.

“Kanyaga, Ssebo.”

“Musawo, itavunjika.”

“Haivunjiki.”

“Wewe hujui. Mimi niko ndani yake.”

Alisema kweli. Tukangoja. Watu waliokaa kwenye benchi wakanyoosha shingo. Akateremsha vidole, akavirudisha. Akateremsha tena. Kisha kisigino. Kisha nikaona uzito wake ukihama, kidogokidogo, kutoka mguu huu kuja huu, mpaka mabega yakawa sawa.

Akatazama sakafu. “Chini iko,” akasema, kwa mshangao, kama mtu aliyekuwa ameambiwa ardhi imeondolewa. Akapiga hatua. “Chini bado iko!”

Kigelegele kilitoka mlangoni. Cha Kinubi, kirefu, cha Bombo. Sijawahi kumsikia Zamzam akikipiga nje ya sherehe. Wale wa kwenye benchi wakaitikia kwa kugonga magongo yao sakafuni, na nesi mmoja akaja mbio akidhani dari imeanguka.

Mke wangu akaingia, akanipita. Akafunua tabaga, akapakua wali na nyama, akampa Lubega kwa mikono miwili. Tukamletea kiti. Lubega akakikataa. Alikula chakula changu chote amesimama.